Saa Iliyokimbia Mchana na Kulala Usiku

Nimeacha kazi. Sikufilisika, wala sikuitwa na wanangu nikapumzike. Mikono imeanza kutetemeka, na fundi saa anayetetemeka ni mharibifu tu, hata akiwa na jina kubwa namna gani. Kwa hiyo nimekunja kitambaa changu cha mezani, nimerudi kwangu Rungwe Mpya, huku Kasulu, na siku hizi nalima maharage. Maharage hayajali mkono ukitetemeka.

Haya ninawaandikia wale wanaonijia Jumamosi: muuguzi mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, na mama mmoja fundi cherehani. Wana kazi zao na mishahara yao. Saa wanataka kuzijua kwa kupenda tu. Nawapokea. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe tuliachana bila kuagana. Anayeona mwandiko wangu umepinda aunyooshe kimoyomoyo, mimi naendelea.

Neno la kwanza: anza na saa ya mezani, ile kubwa ya kengele, iliyokufa, ambayo hakuna mtu atakayeililia. Huyu muuguzi alikuja na saa ya mkononi ya marehemu shangazi yake, ndogo kama kifungo cha shati, anataka aanze nayo. Nikamwambia, mama, wewe siku ya kwanza kazini walikupa mgonjwa wa kumpasua? Akacheka, akairudisha kwenye mkoba. Ikae huko huko.

Mimi mwenyewe nilianza na saa ya kengele ya kaka yangu. Ilisimama, na kaka akasema itupwe. Nikaichukua, nikakaa mlangoni pa jiko na kisu cha kumenyea viazi, nikafungua mgongo wake. Hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya saa kuna springi iliyojikunja kwa hasira zote za dunia. Niliondoa sahani ya juu, ile springi ikaruka kama nyoka aliyekanyagwa, ikapita karibu na sikio langu, ikatumbukia kwenye chungu cha mke wangu.

"Bukuru," akasema Anastazia bila kugeuka, "leo tunakula saa?"

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, kabla hujagusa msumari wa bisibisi hata mmoja, legeza springi. Shika ufunguo wa nyuma kwa nguvu, inua kile kidoko, kijino kinachoizuia, kisha uuachie ufunguo ujirudishe kidogo kidogo ndani ya vidole vyako mpaka uchoke wenyewe. Ndipo ufungue. Usipofanya hivyo, angalau hakikisha chungu kimefunikwa.

Springi niliiokota, nikaiosha, nikairudisha, na nisiulizwe ilinichukua muda gani. Saa ikatembea, lakini kwa kukwaruza. Nikafikiri inataka mafuta. Kwetu ukisema mafuta unasema mawese, na nyumbani yalikuwepo mazuri, mekundu, mapya. Nikaitia kijiko kizima. Ilitembea vizuri ajabu, na ilinukia mchuzi. Nikaizungusha kwa majirani nikijisifu. Kisha ikaja baridi yetu ya mlimani, mawese yakaganda humo ndani, saa ikasimama, na sisimizi wakahamia na familia zao.

Nikaibeba mpaka Kasulu sokoni, kwa fundi saa, Mzee Leonidasi. Huyu alikuwa Mrundi kwa kuzaliwa na Mtanzania kwa karatasi, na kazi aliijulia ujanani Bujumbura, ndiyo maana saa aliiita monta mpaka alipofariki. Alifungua mgongo, akatazama sisimizi, akanitazama mimi.

"Hii ni monta au ni sambusa?"

"Ni saa, mzee."

"Umeikaanga mwenyewe?"

Watu wote waliokuwa pale walicheka, na mimi nikacheka, maana ukikasirika unaondoka, na mimi sikutaka kuondoka. Nilikuwa nimeona mezani kwake mashine ya saa iko wazi, na lile gurudumu dogo linapiga huku na huku kama moyo wa kifaranga. Nikamwambia nataka kujifunza. Akaniambia nirudi Jumatatu, na nije na ulezi.

Nilidhani ulezi ni wa kumpa yeye uji. Kumbe ulikuwa wangu. Alinipa kibano na vizibo viwili vya soda, akaniambia nihamishe ulezi, punje moja moja, kutoka kizibo hiki kwenda kile. Ukibana sana punje inaruka. Ukibana kidogo inaanguka. Wiki za mwanzo nilikuwa nalisha kuku wa soko zima. Mzee alikuwa akipita nyuma yangu akisema, "Buhoro, buhoro," yaani polepole kwa Kirundi chake na kwa Kiha chetu, na sikuruhusiwa kugusa saa mpaka punje zilipoacha kuruka. Fanyeni hivyo hivyo. Mwalimu ameniambia ulezi umepanda bei, atumie mchele. Mchele ni mkubwa kama gogo, mwalimu. Tafuta ulezi.

Vyombo vya kazi si lazima viwe vya dukani. Bisibisi yangu ya kwanza ilikuwa spoku ya baiskeli iliyosuguliwa kwenye jiwe, na mpaka leo naipenda kuliko zile nilizonunua. Lenzi ya kuweka jichoni nunua, hiyo usibahatishe. Kwa kuondoa vumbi usipulize kwa mdomo, maana pumzi yako ina maji na maji ni kutu. Nenda duka la dawa ukanunue kile kipira cha kunyonyea kamasi za watoto, ndicho kinapuliza pumzi kavu. Kuoshea, petroli kwenye kikombe, mbali na jiko na mbali na wavuta sigara. Mafuta yawe ya saa, na yawekwe kwa ncha ya sindano, tone usiloweza kuliona vizuri. Ukiliona vizuri ujue umezidisha.

Mambo mawili zaidi, halafu niendelee na safari. Kwanza, kila kitu unachokitoa kiweke kwenye kizibo chake, na vizibo vipange kwa mstari kama ulivyotoa. Kurudisha ni kuusoma mstari kinyumenyume. Pili, chukua kitenge, bana upande mmoja kwenye ukingo wa meza na upande mwingine funga kiunoni. Kitu kikidondoka kinalala mapajani kwako. Kwenye vumbi letu jekundu la kiangazi, msumari wa saa ukifika chini hauonekani tena. Mzee Leonidasi alikuwa anaazima kitenge cha mkewe, na mama yule alikuwa anakuja kukidai huku mzee amefungwa nacho.

Alipoona natosha aliniambia wazi: "Kasulu fundi mmoja anatosha, na fundi mwenyewe ni mimi. Wewe nenda Kibondo." Huo ndio uliokuwa mwaliko, cheti na sherehe. Nikaenda Kibondo na Anastazia, na meza yangu juu ya lori la chumvi.

Kibondo nilipata nafasi kwenye baraza la duka la vitambaa, mkabala na stendi. Hakuna baraza lililolizidi lile. Abiria akishuka tu macho yake yanakutana na meza yangu, na anayetoka Kitahana kuuza mihogo lazima apite pale. Mwenye duka alikuwa mtu mpole, alinikaribisha tu. Halafu akaugua, akarudishwa kwao Pangani, na ndugu yake akaja kushika duka. Huyo ndugu ndiye Mzee Athumani, na hapo ndipo kesi ngumu kuliko zote za maisha yangu ilipoanza.

Alikuja na mkewe, Bi Mwanaidi, na saa ya mkononi nzuri sana, ya kutiwa ufunguo kwa mkono, aliyoachiwa na baba yake. Hakuwa amemaliza hata kufungua mizigo alipokuja mezani.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Fundi, hii saa yangu imepata wazimu tangu tufike huku kwenu."

"Inafanyaje?"

"Mchana inakimbia, usiku inalala."

"Yote mawili?"

"Nakwambia ina wazimu, wewe waniuliza yote mawili!"

Saa inayokimbia nimeiona. Inayochelewa nimeiona. Lakini saa moja ikimbie mchana na kulala usiku, tena karibu saa nzima kila upande, hiyo sikuwa nimeiona kwa Mzee Leonidasi wala kwa mtu yeyote. Nikaifungua. Mashine ilikuwa safi, inang'aa, inapiga vizuri. Nikaiosha hata hivyo, maana mteja akilipa anataka kuona kitu kimelowa. Nikaitia mafuta, nikairekebisha kwa taarifa ya habari ya redio, nikalala nayo kwangu. Asubuhi redio ikasoma habari, saa iko sawasawa na redio. Nikamrudishia nikiwa nimetunisha kifua.

Kesho yake asubuhi akaiweka mezani bila salamu. Ilikuwa nyuma ya redio karibu saa nzima.

"Kwako nzima, kwangu mgonjwa," akasema. "Au unanichezea?"

Nikairekebisha mbele yake. Mchana kutwa nilikuwa naichungulia mkononi mwake kila alipotoka nje: adhuhuri iko sawa, alasiri iko sawa. Asubuhi ya pili, nyuma tena. Nikajua ugonjwa unaipata kati ya jioni na asubuhi. Nikamuuliza usiku anaiweka wapi. Juu ya redio, akasema. Nikafurahi kama mtu aliyeokota ng'ombe, maana spika ya redio ina sumaku na sumaku ni adui wa saa. Nikamwambia aihamishe. Bi Mwanaidi akaihamishia ndani ya kopo la sukari kabatini. Asubuhi ilikuwa nyuma vilevile, na ina sukari.

Nikadhani ni baridi. Mzee Athumani mwenyewe alikuwa anaamini hivyo. "Hii ni saa ya pwani, baridi yenu haiiwezi," akasema. Akaanza kulala nayo mkononi, chini ya blanketi. Nyuma vilevile, na Ramadhani ikaja ikaisha. Bi Mwanaidi alikuwa akiniletea chai barazani kila asubuhi, mwanamke mkarimu lakini mdomo wake haukuwa na kifuniko.

"Kunywa, fundi. Chai angalau unaiweza."

Wakati huohuo simu za mkononi zilikuwa zimeingia, na watu wakaanza kuniambia saa zimekwisha. Akaja jamaa mmoja mwenye jenereta dogo na ubao wenye waya kama utumbo wa mbuzi, anachaji simu na kuuza vocha. Alikuwa anataka lile baraza. Hakunificha.

"Mzee baba, siku hizi saa iko kwenye simu," akaniambia huku ameegemea meza yangu. "Wewe unatengeneza kitu ambacho watu wanacho bure."

"Toa kiwiko kwenye vizibo vyangu," nikamjibu.

Mzee Athumani alisikia. Jioni ile aliniita ndani, akafunga daftari la mauzo, akasema: "Fundi, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini nina fundi saa barazani kwangu, na saa yangu mwenyewe haijui saa. Watu watasemaje? Mpaka Ijumaa. Isipokaa sawa mpishe mwenye simu."

Nikarudi nyumbani nikamwambia Anastazia. Baraza lile likiondoka ningehamia nyuma ya soko, wanakouza ndoo, na huko hakuna mtu anayekwenda na saa. Ningerudi kulima nikiwa bado na macho na mikono. Akaniuliza swali la kijinga, na nilimwambia ni la kijinga: "Wewe umeiangalia saa, yeye mwenyewe umemwangalia?"

Siku ya pili yake sikufunga meza mapema kama kawaida. Nilijifanya natafuta msumari kwenye kitenge. Jua likawa linateremka nyuma ya vilima, na Mzee Athumani akatoka barazani na kanzu yake. Akasimama akilitazama. Lilipozama, lote, akasema Bismillahi, akavuta kile kitufe cha pembeni cha saa, akazungusha mishale kurudi nyuma mpaka saa kumi na mbili kamili, akakibonyeza, akaenda zake kutawadha. Kila kitu kwa utulivu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake.

Nilikaa pale nimeshika kitenge. Redio ya jirani ilikuwa inasema ni karibu saa moja.

Sikungoja asubuhi. Aliporudi kutoka msikitini nilikuwa bado nimekaa.

"Mzee wangu, saa yako haina ugonjwa. Mgonjwa ni wewe."

Najua. Anastazia ameshanisema kwa neno hilo miaka yote. Lakini mimi sikufundishwa kuzunguka. Mzee Athumani akasimama wima.

"Unasemaje wewe Muha?"

"Kwa nini umeirudisha nyuma jioni?"

"Si ilikuwa imekimbia? Kila asubuhi naiweka sawa na redio, na jua likizama yenyewe inasema saa moja! Jua likizama ni saa kumi na mbili. Baba yangu kila magharibi aliisahihisha hivyo, na baba yake. Nyumba zote za mtaa wetu. Au jua nalo unalitengeneza wewe?"

"Huko Pangani mlikuwa mnapishana na redio?"

"Dakika kidogo. Baba alisema redio ndiyo inayokosea."

Ningemwambia nini? Jiografia sikuifikia, niliondoka kabla haijaanza. Lakini redio nilikuwa naisikiliza mezani mchana na jioni, na kitu kimoja nilikuwa nakijua.

"Mzee, Ramadhani, redio ikisema wa Dar es Salaam wafuturu, wewe hapa unafuturu?"

"Hapana. Nasubiri adhana ya hapa."

"Kwa nini usile? Redio imesema."

"Kwa sababu jua la huku bado lipo..." Akaitazama saa mkononi.

Ndani ya duka Bi Mwanaidi akapiga kicheko mpaka kikombe kikalia. "Wallahi! Ramadhani nzima nimelia njaa, nikamwambia baba Zuhura, futari ya huku inachelewa! Akaniambia ni tamaa yangu!"

"Nyamaza, mama Zuhura."

"Saa fundi kaiosha kwa petroli, mimi nimeitia kwenye sukari, kumbe ni jua!"

Mzee akaingia ndani. Nami nikajua nimeshinda saa na nimepoteza baraza. Mwenye nyumba ukimwambia mbele ya mkewe kwamba amekosea, ukweli wako unakuwa mzigo wako. Nilikwenda nyumbani nikaanza kupanga vizibo kwenye boksi.

Asubuhi nilimkuta barazani, macho mekundu.

"Fundi, nimekuelewa," akasema taratibu. "Lakini sitaacha. Kila magharibi tangu nikiwa mdogo namwona baba anavuta kitufe kile. Nikiacha, hiyo saa itakuwa ya redio, haitakuwa yake tena."

Hilo silo jambo la kufungua kwa bisibisi. Nikamwambia anipe mpaka kesho. Mezani nilikuwa na masalia ya saa nyingi: mashine ya hii, kioo cha ile, mishale ya nyingine, vitu ambavyo wenyewe waliniachia nitumie kama vipuri. Nikakaa navyo kutwa nzima, sikupokea mteja, nikaunganisha saa moja isiyo na sura nzuri lakini yenye pumzi. Nikairekebisha kwa redio. Ijumaa asubuhi nikampelekea.

"Hii ni ya redio. Vaa mkono wa kulia. Hii usiiguse jioni hata jua likikuita. Ile ya baba yako vaa kushoto, uisahihishe kila magharibi, usiulizwe na mtu."

Aliigeuza geuza. "Ina sura mbaya."

"Ndiyo."

Akaivaa.

Mchana, watu walipotoka msikitini, yule jamaa wa chaji alikuja na ubao wake na jenereta kwenye toroli. Alikuwa amehesabu siku vizuri kuliko mimi. Akaanza kuuegemeza ubao ukutani, karibu na kichwa changu, na mimi sikuinua macho. Nilikuwa nimeshika bisibisi lakini sikuwa naona ninachofungua. Mzee Athumani alitoka na kanzu nyeupe, mikono yote miwili imekunjwa mpaka kwenye viwiko, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Mzee, Ijumaa ndiyo hii," jamaa akasema. "Tuanze? Saa ngapi sasa hivi?"

Mzee Athumani akatazama mkono wa kushoto, akatazama wa kulia, akarudi kushoto, bila haraka hata kidogo.

"Ya baba au ya redio?"

Jamaa akatoa macho. "Ziko mbili?"

"Unaona? Na simu yako inayo moja tu," akasema Mzee Athumani. "Ondoa ubao wako hapo, bwana, unamzibia fundi wangu mwanga."